Kibodi Mbili na Vidole vya Mama

Kihesa, Iringa
Jumapili, baada ya misa ya pili

Kaka yangu Lusekelo,

Kamwene. Najua utaiitikia kwa Kinyakyusa cha baba ili unichokoze, basi chukulia umeshanichokoza na mimi nimeshanuna. U mzima? Mbalizi mnaendeleaje na baridi ya mwaka huu? Huku kwetu ukungu unakaa mpaka watoto wa shule ya msingi wanamaliza kipindi cha kwanza, na mama mdogo Blandina anasema hajawahi kuona Juni yenye kiburi namna hii. Mimi sijambo. Mitihani ya muhula nimefanya, na mwalimu wa Kiingereza ameandika kwenye ripoti kwamba naandika kama watu wawili na kuongea kama nusu mtu. Mchele wa Ubaruku uliotuma ulifika salama, hauna jiwe hata moja, mama mdogo akasema angalau ukoo huu una mtu mmoja anayejua kununua mchele. Habari za Mama ziko humu ndani, zimeenea barua nzima, kwa hiyo usiruke mistari kama ilivyo kawaida yako.

Naandika kwa mkono kwa sababu unanijua. Kwenye simu nikianza jambo zito sauti inakatika, wewe unadhani ni mtandao, unasema haloo, haloo, na mimi naitikia kwa shukrani kuwa ndiyo, mtandao mbaya. Kwenye meseji nako unajibu haraka mno, kabla sijafika nilikokuwa naenda. Karatasi haitanikatisha.

Nimekaa kujibu swali lako la tangu Pasaka. Ulituma kibodi mbili kwa basi, nyeupe na nyeusi, zote zisizo na waya, zote za swichi za sumaku, ukaniagiza nizilinganishe kwa gemu na kwa kuandika. Itakayomfaa Mama ibaki, nyingine nikurudishie kwa kuwa kuna mteja wa Iyunga anaisubiri. Umeniuliza sijui mara ngapi, mimi nasema bado najaribu. Si kweli. Jibu ninalo siku nyingi, kilichokosekana ni ujasiri.

Nianze na gemu maana hapo hakuna kesi. Nyeusi ndiyo mshindi. Ni nyepesi, springi zake laini, na ukinyanyua kidole kidogo tu inahesabu umeachia, hata kama kitufe hakijarudi juu. Kwenye ile gemu ya kukimbizana na kulenga, mtu wangu anasimama palepale ninapotaka asimame. Nilicheza na Yotamu wa jirani, yule anayejiita bingwa wa Kihesa, nikamfunga mpaka akadai tubadilishane kibodi. Tukabadilishana, nikamfunga tena. Akasema, "Paska, kanisani huwezi hata kusoma somo la kwanza, humu ndani umekuwa chatu!" Nyeupe yenyewe ni nzito, bodi yake ya chuma, ukiiweka mezani haisogei hata ugombane nayo, na springi zake zinakudai ubonyeze kwelikweli. Mlio wake niliupenda, mzito na mfupi, kama maharage makavu yakidondoka kwenye ungo. Kwa chaji zote mbili zina njaa kuliko kibodi za kawaida, kwa kuwa ile sumaku inapimwa muda wote ikishuka na kupanda, lakini nyeusi ukiizima taa inavumilia zaidi. Umeme ukikatika tunaendelea tu. Kubadilisha mipangilio ya nyeupe lazima uchomeke waya na kuweka programu. Nyeusi unafungua ukurasa wa intaneti, unavuta alama kwa kidole, umemaliza. Ni rahisi mno, na urahisi huo ndio ulioniponza.

Sasa kuandika. Unakumbuka Mama alivyokuwa akipiga taipu pale ofisi ya parokia, kwenye ile taipureta ya chuma? Sisi tukicheza nje tulijua kama kakasirika kwa mlio tu. Alifundishwa kugonga. Hata walipompa kompyuta aliendelea kugonga vilevile, akavunja vitufe, paroko akamtania kwamba safari ijayo watamchongea kibodi ya jiwe.

Ndiyo maana mikono yake ilipoanza kulegea, mvua za mwaka jana, hakuna aliyeshtuka. Mwiko ulimponyoka, tukacheka. Kifungo cha sketi kikamshinda, mama mdogo Blandina akasema ni baridi, akawa anamchua kwa mafuta ya nyonyo. Tulipompeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu aliingia peke yake, akatoka akaniambia nikuambie kwamba neva zimechoka, zitapumzika. Nami nikakuambia hivyohivyo. Wewe ukasoma mahali kwamba kibodi za sumaku unaweza kuzipangia kina, yaani kitufe kishuke kiasi gani ndipo herufi itoke, ukanunua mbili, zile ambazo hata wateja wako wakisikia bei wanaziweka chini polepole. Ukaniambia nimpangie milimita mbili. Nilimpangia. Siku hiyo aliandika ukurasa mzima wa nyimbo za kwaya kwenye ile nyeupe, huku akiimba anachoandika.

Haikuchukua muda herufi zikaanza kupotea. Aliandika "Bwana", ikatoka "Bana". Akaitazama skrini kama mtu anayeibiwa huku anaona. Alipokwenda kwenye jumuiya jioni, nikachomeka waya, nikashusha kina mpaka milimita moja na nusu. Kesho yake Bwana akarudi mzima. Mama akanigeukia, akasema, "Paskalina, vidole vimeamka." Kaka, ungeliona lile tabasamu ungefanya nilivyofanya. Au labda usingefanya. Wewe una mdomo.

Basi ikawa hivyo. Herufi zikipotea, nashusha. Kwenye nyeupe ikafika mahali shida si kina tena, ni uzito wa springi zenyewe, nikamhamishia kwenye nyeusi na kumdanganya kwamba nyeupe imeleta hitilafu. Nayo nikaishusha. Milimita moja, nusu, robo. Wewe ukawa unapokea meseji zake ndefu kila siku, ukamjibu kwa herufi kubwa kwamba MAMA SPIDI IMERUDI. Ukamtania kuwa siku hizi hata simu hapokei, ameolewa na kibodi. Halafu ukaandika kwamba kwa kuwa anapona hutafunga duka katikati ya mwaka, utakuja Krismasi ukae vizuri. Mama aliniomba nimsomee hiyo mara mbili. Akasema tukuache ufanye kazi, ukija utamkuta anapiga ngoma ya kwaya.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Sikusimama, na Mama akaomba misa ya shukrani.

Alikwenda na jogoo na kikapu cha mahindi, mama mdogo Blandina kavaa kitenge chake cha harusi za watu. Wakati wa matangazo paroko akamwita mbele. Mama akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akawaambia watu wote wale kwamba daktari alimwambia vidole vyake havitarudi kamwe, na kwamba Mungu amevirudisha. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia daktari alisema nini. Kumbe yeye alikuwa ametuficha sisi, wewe na mimi. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa kwenye benchi la kwaya, mkononi nina karatasi za nyimbo alizozipiga yeye, nikitafuta mahali pa kuangalia. Nilijua ni nani aliyevirudisha vile vidole, na nilijua havikurudi. Tulipoanza kuimba nilifungua mdomo tu.

Nyeusi ina mwisho wake, sehemu ya kumi ya milimita. Chini ya hapo hakuna kitu. Niliifikia wiki iliyopita. Ukifika hapo kibodi inaandika hata ukiiwekea daftari juu yake. Alhamisi Mama aliegesha mkono wa kulia juu ya vitufe apumzike, akawa anaongea na mama mdogo aliyekuwa anachambua mboga. Alipogeuka, skrini imejaa herufi moja, mistari kwa mistari. Mama mdogo akasema, "Yesu wangu, mashine imeingiwa na pepo!" Mama hakucheka. Alinyanyua mkono, herufi zikakoma. Akaushusha, zikaanza tena. Mtu aliyepiga taipu maisha yake yote hahitaji kuelezwa.

Akaniuliza, kwa upole tu, nilianza lini. Nikamwambia. Sijui nilisemaje, mimi huyuhuyu, lakini nilisema yote mpaka nikafika kwenye ile "Bana" ya kwanza. Nilitamani anipige kofi. Halafu nikakumbuka hawezi.

Aliniomba nilete nyeupe na kuirudishia kina chake chote, mpaka chini kabisa, kama taipureta. Akajaribu, kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Viwili tu ndivyo vilivyofika chini, kile cha shahada cha kulia na gumba lake. Mama mdogo akamwambia dada inatosha, unajiumiza. Yeye akasema aachwe ajue amebakiwa na nini. Kisha mama mdogo, unamjua alivyo, akauliza sasa ile misa inakuwaje, si tumemdanganya Mungu mbele ya parokia nzima? Mama akamjibu kwamba jogoo ameshaliwa, na shukrani mtu haendi kuidai irudi, Mungu atatafuta mwenyewe kitu cha kuiweka. Mama mdogo akacheka, na Mama akacheka naye, na katikati ya kicheko ndipo Mama akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, kaka, hata kwenye msiba wa baba. Alikuwa hawezi kujifuta, tukamfuta.

Tangu Alhamisi anatumia nyeupe. Neno moja linachukua muda wa chai kuchemka, lakini hataki niiguse. Jana nilimwomba msamaha tena. Akasema kosa langu anaweza kulisamehe, ila nimemwibia miezi ambayo angekuwa anatuaga taratibu, na hiyo hajui atanisameheje kwa sababu bado anaitaka. Ninalala na hayo maneno.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Kwa gemu, nyeusi. Kwa kuandika, nyeupe, na isipunguzwe kitu. Nyeusi nimeifunga kwenye boksi lake, lakini sitaipeleka stendi. Mwambie mteja wako asubiri, au umrudishie hela yake. Uje uichukue mwenyewe, na usingoje Krismasi.

Hapa nilikuwa nimeweka kalamu chini, nikaenda kukoleza moto, nikarudi. Habari ya kibodi Mama alisema siku moja nitakwambia. Hii nyingine amenikataza, na ndiyo iliyonifanya nianze barua.

Daktari alimwambia kwamba baada ya mikono inafuata sauti. Imeanza. Hapokei simu zako si kwa sababu ya utamu wa kibodi. Hataki umsikie. Ulimi unamlemea, zaidi jioni akichoka, maneno yanatoka kama yamelowa. Juzi kwenye sala ya chakula alikuwa anatuombea mmoja mmoja kama siku zote. Alipofika kwako jina likatoka bila mifupa, Yusekeyo. Akarudia, likatoka vilevile. Mara ya tatu hakujaribu. Akasema kijana wangu aliyeko Mbeya, kisha amina. Tukala.

Kaka, nimeshusha vitu vingi kimyakimya ili pasiwe na mtu wa kuumia. Hiki sina pa kukishushia. Asubuhi, akiwa hajachoka, bado anaweza kulisema jina lako lote. Nilimsikia leo akilifanyia mazoezi peke yake, kabla hatujatoka vitandani, mlango wake ukiwa umerudishwa.

Mama mdogo Blandina anakusalimu na anasema ukija usilete mchele, ulete mwili. Yotamu naye anakusalimu, bado anasema nilimwibia kwenye gemu. Wasalimie vijana wote wa dukani. Salamu za Mama sijazibeba, kwa kuwa hajui kama nakuandikia. Zifuate mwenyewe, asubuhi.

Ni mimi mdogo wako,
Paskalina