Foronya ya Chumba cha Tisa

Mdogo wangu,

Huku tunapumua, tushukuru. Hoteli imejaa, na sisi wa kufua hatupati hata pa kukaa. Taulo zioshwe peke yake, mashuka peke yake, madoa ya wanja yalowekwe kwanza. Wageni ndio wamenichosha. Mtu mzima anafutia viatu taulo ya uso, kisha analalamika kwamba si nyeupe.

Mama bado hainuki kitandani. Mashuka yake nayafua kwa mkono nikitoka kazini, kwa hiyo usiniulize habari za mgongo. Kila siku anakuulizia, nami namsomea barua yako ileile: kazi zimekubana, ruhusa hupati, mwaka huu huji.

Jumanne, kwenye mzigo wa chumba cha tisa, nimekuta foronya isiyo yetu. Zetu ni nyeupe tupu. Hii ina ua jekundu alilodarizi mama, ile unayosafiri nayo kila mahali kwa sababu bila hiyo hupati usingizi.

Ulilala hapa siku mbili. Kutoka hotelini hadi kwa mama ni dakika ishirini kwa miguu.

Nimeifua, nimeipiga pasi, nimeuvisha mto wa mama. Sasa anadhani umefika, na hataki mlango ufungwe.

Dada yako