Balehe, na Agnetha Dawati la Pili

Jumatatu, 6 Mei 2024
Mwalimu Advera kaanza likizo ya uzazi. Mwalimu Mkuu kanipa sayansi yake, darasa la tano. Mada inayofuata — balehe! Na Agnetha wangu yumo humo, dawati la pili. Tangu lini baba akamweleza bintiye mambo hayo? Ni kazi ya shangazi. Nikamwambia Mkuu. Akauliza kama shangazi ameajiriwa hapa.

Nimempigia dada Jenifa, Kaliua. Atakuja shule zikifungwa, Juni. Mama Agnetha angekuwepo! Mwaka wa tatu huu hayupo.

Jumatano, 8 Mei
Nimepata mbinu: nyuki! Sikonge hii nani hajui nyuki? Nikamtuma Agnetha chaki. Akarudi upesi mno. Nikamtuma dasta. Akarudi. Nikamtuma maji. Darasa zima likawa linamtazama. Kwa watu sikufika. Kengele imenikuta bado niko mzingani.

Alhamisi, 9 Mei
Mzee Shigela, mrina asali, kaja na baiskeli, kavimba. Mtoto wake kasimulia nyumbani: dume la nyuki halifanyi kazi, linakula tu, mwisho linafukuzwa. Mkewe kamnyima ugali mpaka achote maji! Ndoo mbili, majirani wakitazama. Nikasema ndivyo nyuki walivyo. Akasema anajua, ana mizinga arobaini. Asiyejua alikuwa mke wake.

Ijumaa, 10 Mei
Mkuu kasema niache nyuki. Nikaweka boksi, kila mtoto aandike swali bila jina. Nikalifungua mbele yao. La kwanza: kwa nini kaka anaongea kama mbuzi? Nikajibu vizuri. La pili: mwalimu naye alibalehe? Nikasema ndiyo, zamani, Urambo. Urambo ya nini tena! Wakacheka mpaka nami nikacheka.

La tatu, mwandiko naujua. Ndio unaoandika mahitaji ya jikoni kwetu. “Nimeanza Jumanne. Natumia kipande cha kanga ya mama. Shangazi anakuja Juni. Nimwambie nani?”

Jumanne! Na Jumatano nilimtuma maji. Nimejionea aibu.

“Soma, mwalimu!” Nikakunja karatasi. Nikasema aliyeandika amwambie baba yake. Darasa likaangua kicheko. Agnetha hakucheka.

Saa kumi na moja jioni. Nimenunua pedi. Muuza duka kazifunga gazeti mara tatu, kama bangi. Mfuko uko mapajani. Namsikia Agnetha anaweka kikombe kwenye sinia, anakuja. Nilitayarisha maneno njia nzima, sasa yote yananirudisha kwa nyuki. Kasimama mlangoni, anautazama mfuko. Anasema, baba —