Mabati Hayatoki kwa Ujumbe wa Kujifuta

Huku bara, Jumamosi asubuhi

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo, dada. U hali gani, na mguu umeacha kuvimba? Mama anapata usingizi? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo uko vitani, ndiyo maana ulinisikia kwenye simu sauti imekauka.

Unajua mimi ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya serikali hapa wilayani. Tumeletewa mabati ya watu walioezuliwa nyumba na upepo. Juzi bosi akaniandikia kwenye ile programu ya ujumbe wa siri ya simuni, ujumbe wa kujifuta wenyewe baada ya siku moja: mpe fulani mabati, gari linakuja. Na huyo fulani paa la nyumba yake ni la vigae, wala upepo haukuligusa!

Nikamwendea. "Bosi, naomba hati."

"Si nimeshakuandikia?"

"Kesho ujumbe huo utakuwa umejifuta. Mkaguzi akija nimwonyeshe kioo cha simu?"

Akacheka. "Mama wa Pangani, mbona mshamba! Humu hata serikali haiwezi kusoma."

"Kwani bosi, serikali si ndiyo sisi?"

Dada, siri siichukii. Tunayosemezana humo mimi nawe, ya mama na ya ndoa zetu, sitaki mtu ayachungulie. Lakini bati la mtu anayenyeshewa si siri yangu wala ya bosi. Kwetu hata mahari tunaweka mashahidi, seuze mali ya umma! Gari likaja, likarudi tupu.

Jana nikaletewa barua: nijieleze kwa nini nisisimamishwe kazi kwa ukaidi. Nilicheka peke yangu. Ya mabati karatasi ilikosekana, ya kunitisha imepatikana, tena na mhuri! Nimejibu kwa maandishi, nimeitaja ile amri na jina la fulani, na masjala wameyafunga yote kwenye jalada. Wenzangu wananiambia niombe radhi. Siombi. Riziki haiko mkononi mwa bosi.

Kinachoniuma ni kimoja. Wakinifukuza, dawa za mama zitakuwa mzigo wako peke yako mpaka nisimame tena. Nikirudi huko Pangani nitakaanga vitumbua pale kivukoni, uso juu, sioni haya.

Mbusu mama mkono. Msalimie shemeji na cherehani yake, na mwalimu wetu wa madrasa, mwambie aniombee dua.

Niambie kweli kama utauweza mzigo huo. Nijibu upesi, dada.

Mdogo wako,
Mwanahamisi