Marahaba Tuliyoipata Beykoz

Hounslow, London.
Jumatatu, 9 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Leokadia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti la kushoto limepunguza vurugu zake sasa masika yamekwisha. Mwanao Evodius ameniambia daktari alikupa dawa ya kupaka, nawe umeifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Itoe, Shangazi. Goti haliko kabatini.

Sisi huku hatujambo. Mume wangu Aristote bado anaendesha basi, ila siku hizi anaingia alfajiri, kwa hiyo mchana wote tunamwona akiwa amelala kwenye kochi na viatu miguuni. Mimi bado nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mgongo unalalamika kama kawaida. Marion wetu alitimiza miaka kumi na mmoja mwezi wa Machi. Ananifikia begani sasa, na sketi ya shule tuliyomnunulia Septemba imeshakuwa fupi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei. Silalamiki. Kila Jumapili napiga, inaita mpaka inakatika yenyewe, nami nazima na kwenda kupika. Lakini najua mwalimu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na minne hawezi kuiacha barua bila kuisoma, hata kama ni kwa kutafuta makosa tu. Basi chukua kalamu yako nyekundu, uweke alama utakapo, ila nakuomba usome mpaka mwisho. Kuna jambo nimelijua juma lililopita ambalo ni lako kuliko langu.

Nimelijulia Uturuki. Naam, Uturuki, usivue miwani. Kazini nina rafiki anaitwa Nurhan, mzaliwa wa huko. Wazazi wake wanaishi mahali panaitwa Beykoz, pembezoni mwa jiji la Istanbul, na chumba chao cha juu kiko wazi. Aliniambia nimchukue mtoto tukapumzike juma zima la likizo ya shule. Aristote hakupata ruhusa kazini, tukaenda wawili.

Istanbul yenyewe ni watu juu ya watu. Nilishika mkono wa Marion mpaka akalalamika. Lakini tulipopanda basi la kufuata ufuko, kelele zilianza kubaki nyuma, nyumba zikapungua, na miti ikaanza kutukaribia mpaka matawi yakawa yanagusana juu ya barabara. Tuliposhuka Beykoz nilisimama tu na begi langu. Shangazi, kule kijani kinateremka mlimani hakisimami mpaka kimefika majini! Nilidhani kijani cha namna ile Mungu aliwapa watu wa Bukoba peke yao.

Asubuhi ya kwanza nilifungua dirisha nikaona ukuta mwekundu unatembea. Ulikuwa unapita nyuma ya mti wa jirani, mrefu kuliko kanisa letu la parokia, na hautoi sauti yoyote. Nilimwamsha Marion kwa kumvuta mguu. Kumbe ni meli ya mafuta. Yale maji yanaitwa Bosporus, ni membamba kiasi kwamba unaona nguo zilizoanikwa ng'ambo, na bado meli za dunia nzima zinapita hapo katikati ya nyumba za watu. Huku tuliko sisi ni Asia, na kule zinakoanikwa nguo ni Ulaya. Nimekaa Ulaya miaka kumi na minne, sijawahi kuiona yote kwa pamoja hivi, imetulia ng'ambo ya maji. Nilikaa dirishani mpaka chai ikapoa.

Katikati ya mji mdogo kuna bomba la zamani lililojengwa kwa mawe, lina midomo kumi, na maji yanatiririka bila kufungwa. Watu wanakuja na chupa zao, wanateka, wanasalimiana, wanaondoka polepole. Hakuna anayemsukuma mwenzake. Na chakula chao cha kujivunia pale, sitanii, ni supu ya makongoro! Wanaitia siki na vitunguu saumu. Nilikunywa bakuli mbili nikikuwaza wewe, maana najua ungeidai ya tatu.

Kitu kingine ambacho mwalimu wa Kiswahili atakipenda: nusu ya maneno yao ni yetu. Sabuni ni sabun, daftari ni defter, dakika ni dakika vilevile, na dunia ni dunia ila wanaitamka kwa kubana midomo. Ulitufundisha darasa la sita kwamba maneno haya yalitujia kutoka kwa Waarabu. Hukutuambia kwamba Waturuki nao walipita dukani hapohapo. Nilitembea sokoni nimetega masikio kama mwizi, nikiokota neno moja moja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Babake Nurhan anaitwa Mzee Hikmet, fundi wa vioo aliyestaafu. Siku ya pili asubuhi tulishuka ngazi tukamkuta ameketi uani chini ya waridi, anamenya maharage mabichi. Alipotuona aliweka mkono kifuani, akamwinamia Marion kidogo, akasema, "Merhaba."

Kwao hiyo ni salamu tu, kama sisi tunavyosema hujambo. Nurhan alishanieleza. Marion hakuna aliyemweleza. Yeye alisikia mzee mwenye mvi anamwitikia marahaba wakati yeye hajamwamkia. Nilimwona anashtuka, uso mzima ukamwiva. Akaachia mkono wangu, akapiga magoti nusu, akasema kwa sauti iliyowarusha njiwa ukutani, "Shikamoo!"

Mzee hakuelewa hata herufi moja, lakini alifurahi, akasema tena, "Merhaba, merhaba!" Marion akageuka kunitazama. Sijawahi kuuona uso ule, Shangazi. Alikuwa kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Tangu siku hiyo hakusubiri kuamshwa. Anashuka mbio, anaamkia, anaitikiwa, anakaa kumenya maharage na mzee. Siku ya tano Mzee Hikmet akawa amelikariri neno, akamwahi, "Şikamo!" Hebu fikiria, babu wa miaka themanini anamwamkia mtoto wa darasa la sita. Marion alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajikaza, akamwitikia marahaba kwa sauti nzito kama ya askofu. Najua ungewachapa wote wawili.

Mimi nilicheka nao, lakini moyoni sikuwa na raha. Unajua kwa nini. Nilikuwa nakumbuka Krismasi ya mwaka juzi, siku kumi tulizokaa kwako, na mtoto huyuhuyu hakukuamkia hata mara moja. Nakumbuka ulivyosema mbele ya wageni kwamba nimekuletea mzungu. Na nakumbuka nilivyokujibu, kwamba kwetu London watoto hawashiki miguu ya mtu. Neno baya kuliko yote pale lilikuwa "kwetu". Niliona lilivyokupiga, na sikulirudisha. Tulipanda ndege bila wewe kutoka nje kutuaga.

Basi jioni moja tulikaa ufukweni, meli zinapita, nikamuuliza. Nilijitahidi kuuliza kwa upole. Kwa nini mzee wa watu unamwamkia kila siku, na Shangazi yangu aliyenilea hukumpa hata moja? Alinitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. Yeye hunijibu kwa Kiingereza, unajua. Akasema, "But I did say it, Mama."

Alisema, Shangazi. Siku tulipofika. Aliifanyia mazoezi kwenye ndege tangu Heathrow, akimnong'oneza mwanasesere wake. Unakumbuka mvua ya siku ile? Tuliingia tukikimbia, inapiga bati mpaka tunaongea kwa mikono, na wewe ulikuwa umegeuka unamwonyesha Evodius pa kuweka mizigo. Mtoto akasimama nyuma yako akasema. Hukugeuka. Akasubiri, akasema tena. Kisha ukaenda jikoni.

Ni mimi niliyemfundisha kwamba ukiamkia, mkubwa lazima akuitikie. Kwa hiyo alijua kwamba asiyeitikiwa amekataliwa. Aliamini umemsikia na hukumtaka. Siku kumi akakukwepa kwa aibu, na mimi nikawa namfinya chini ya meza ili aseme kitu ambacho alishakisema. Sikumuuliza. Nilipata nafasi ya kumuuliza kila siku kwa mwaka mmoja na nusu, na badala yake nilikaa nikishindana na wewe nani mwenye adabu. Nililia pale ufukweni, watu wananitazama, na meli kubwa kuliko zote ikapita mbele yetu taratibu, imewasha taa, mimi siioni vizuri kwa machozi.

Kwa hiyo nakuomba radhi. Kwa lile neno nilikosa, tena nilikosa kwa makusudi. Wewe hukumkosea mtoto, mvua ndiyo iliyokuziba masikio. Lakini yeye bado hajui kwamba hukumsikia. Nimemwambia mimi, hakuamini. Anasema mama huwa anatetea watu.

Nisalimie Evodius na mkewe, na Ma Justa jirani, mwambie kitenge alichonipa ndicho nilichokivaa Uturuki na wanawake watatu walinisimamisha kukishika. Mwenyezi Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akupe usingizi mwema na miguu yenye nguvu ya kufika misani.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi jioni kwa saa za kwenu, simu itaita. Si mimi nitakayekuwa kwenye laini, ni Marion. Amesema safari hii atasema kwa sauti kubwa. Ikiwa mvua itanyesha, Shangazi, toka ukae chini ya veranda, mahali pasipo na bati la kelele. Mimi usinisamehe haraka, chukua muda wako wote. Yeye tu, tafadhali, mwitikie.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye hata usipoipokea simu,
Adventina.