Sikio Kwenye Kasia

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Mama yako mzima, duka limejaa vitenge, na Kariakoo kelele ni zile zile.

Unaniuliza kama bahari yaweza kuwa tupu, maana wiki nzima huko utafitini umewategea sikio nyangumi wako weusi kwa weupe, kwa vinasa sauti vya chini ya maji, bila kusikia kitu.

Enzi za Ujamaa nilikuwa nauza samaki wa ushirika pale sokoni. Siku moja mjomba alinichukua kwenye boti yake na wavuvi wenzake. Kabla ya kutupa wavu, desturi yao ilikuwa kuhakikisha kwanza pomboo hawako karibu, wasije wakanasa. Mjomba akazima injini, akachovya kasia majini, akaniambia niweke sikio kwenye mpini.

"Hamna kitu!" nikapaza sauti ya sokoni.

"Wewe, hapa hatuuzi samaki. Nyamaza kwanza."

Nikanyamaza. Machoni maji matupu, lakini ndani ya kasia ikaja miluzi, myembamba kama gurudumu la mkokoteni lililokosa mafuta. Mjomba akauacha wavu ulale botini. Punde pomboo wakaibuka pale pale tulipotaka kuutupa, mama na mtoto wake ubavuni.

Endelea kutega sikio. Ukiwasikia nipigie simu, wala usiseme neno, niwekee sauti yao tu. Kariakoo nitainyamazisha mwenyewe.

Bibi yako