Bata Wako, Gundi

Mwaka mzima umetimia leo tangu ulipotutoka, Gundi, na yote nitakayoandika hapa gazetini ni kweli tupu. Naapa mbele ya mumeo, binti yako na sufuria zote za nyumba hii. Wasomaji wajue kwamba kwetu, tangu utotoni, anayenaswa akitia chumvi huosha vyombo vya wote. Mimi nimeviosha miaka sitini. Wewe labda mara mbili.

Ulikuwa mdogo wangu, na jina la Gundi nilikupa mimi, kwa sababu kila ulichokishika kilibaki na alama ya vidole vyako. Ulichora. Ulipiga picha. Ulishona picha kwa vipande vya nguo walivyotupa mafundi cherehani, na ulitengeneza filamu za wanasesere wa karatasi, ukiwasogeza kidogo kidogo mbele ya kamera. Siku nzima ilikwisha bata akiwa amenyanyua mguu mmoja. Penseli uliichomeka kwenye nywele, kisha ukatutuhumu sote kwamba tumeiiba.

Hukumpiga mtu picha bila kumwomba, wala hukuacha kumpelekea nakala yake. Ile ya mikono ya fundi viatu bado ameitundika kibandani. Alisema hakujua kama ana mikono mizuri. Mtaa huo huo mimi nilipeleka barua miaka thelathini na miwili hadi nikastaafu, na hakuna aliyetundika hata bahasha.

Ndiyo, nilikuonea wivu, tena wivu wa kukosa usingizi.

Maana hadithi ya bata bukini ilikuwa yangu. Alinifukuza mitaa saba nikiwa na mfuko wa barua. Nilipochoka nikamvalisha yeye huo mfuko, akamaliza kazi bila kukosea nyumba hata moja. Nilipoanza kuisimulia nyumbani, kila mtu alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli jikoni. Ukaja wewe ukaigeuza filamu, ukatundika shuka kwenye ukumbi wa shule, na watu wale wale wakacheka hadi wakaegemeana. Nilikaa nyuma nimenuna. Ukanifuata kuniuliza mbona sicheki, nikakujibu kwamba huyo bata ni wangu.

“Ni wako, Kaka,” ukasema. “Mimi nimemtembeza tu.”

Lilinichoma zaidi jibu hilo. Heri ungebisha.

Kazi yako ya mwisho ilikuwa kitambaa cha kutundika ukutani, bata huyo huyo na mfuko wake shingoni. Ulimshona umekaa kitandani, mumeo akikutungia uzi kwenye sindano kwa kuwa macho yako yalishachoka. Siku moja kabla ya kututoka uliniita, ukanishika mkono, ukaniambia, “Kaka, hiki chukua wewe.” Ndiyo maana kimekuwa kabatini kwangu.

Nilipofika hapo kuandika, binti yako alikuwa anasoma nyuma ya bega langu.

“Mjomba,” akasema taratibu, “siku hiyo mama alikuwa hawezi tena kusema.”

Akaniuliza kama nimewahi kukigeuza kitambaa chenyewe. Sikuwahi. Nilikikunja siku ya mazishi nikakifungia, na kwa wivu sikukitazama tena hata upande wa mbele. Yeye alikuona ukishona upande wa nyuma, na mwaka mzima alikuwa akingoja nikitoe kwa hiari yangu.

Nikakitoa kabatini, tukakitandaza mezani, tukakigeuza. Umeshona kwa uzi mwekundu, herufi zimepinda: Hadithi ni ya Kaka. Kitambaa ni cha mwanangu.

Mstari wa pili niliusoma mara moja, ukatosha. Wa kwanza bado nausoma.

Kitambaa sasa kiko sebuleni kwa binti yako, misumari nimepigilia mimi. Nilitaka kuufuta ule uongo, akakataa. Uende gazetini ulivyo, akasema, hiyo ndiyo faini. Hiyo pamoja na vyombo, na mumeo amehakikisha hakuna sufuria iliyobaki safi. Namalizia kuandika vidole vikiwa vimekunjamana kwa maji.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye hadi leo anaokota penseli zako chini ya mito. Na binti yako, mwenye kitambaa. Na fundi viatu, aliyeomba asisahaulike. Na mimi kaka yako, mwenye hadithi.

Siku zote utakuwa mioyoni mwetu, Gundi. Hapo sijatia chumvi.