Meza ya Duara Sebuleni Kwetu

Jumatatu, 2 Juni
Nimefagia, nimepiga deki, nimekunja mashati ya mume wangu. Mume wangu. Nikiliandika neno hilo nacheka peke yangu kama mwehu.

Majura kaenda kazini Usagara, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kabla ya kutoka kapiga teke kikombe cha chai alichokiweka chini mwenyewe. Si mara ya kwanza. Sofa tunazo, zawadi ya harusi. Televisheni ipo. Katikati uwanja mtupu.

Mama anakuja Jumamosi kutoka Misungwi. Hajawahi kuingia nyumbani kwangu. Nataka akute meza. Nataka ale kwangu ashibe. Sitaki kingine duniani.

Jumanne, 3 Juni
Majura anataka meza ya kioo, kama ya bosi wake. Mimi nataka ya zamani. Mbao nzito, iliyochongwa kwa mkono, yenye makovu yake. Kioo ukikigusa kinabaki na alama za vidole mpaka kesho. Tumebishana kwenye chai, tumebishana kupitia mlango wa bafu. Mwishowe kasema, "Haya Minza. Wewe chagua, mimi nibebe."

Nimempenda upya.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeipata.

Muuguzi mstaafu hapa hapa Buswelu, Bibi Felista, anahamia kwa mwanawe na anauza vitu vya ndani. Alikuwa na meza mbili fupi za sebuleni. Moja ndefu, ya mninga, ina rafu ya magazeti chini. Nzuri, lakini uzuri wa ofisini. Ya pili ya duara, mvule mtupu, imekolea rangi kama chai ya mkandaa isiyo na maziwa. Ukingo wote umechongwa majani. Nikaipindua miguu juu, nikatafuta vitundu vya wadudu. Hakuna. Haina hata msumari, imeshikwa kwa vigingi vya mti. Mguu mmoja umechubuka. Sijali, mimi mwenyewe nina kovu gotini na nimeolewa.

"Hiyo alinichongea marehemu, tukiwa wapya kama nyie," akasema Bibi Felista. "Ni meza ya watu wanaotazamana."

"Na unaiuza, bibi?"

"Sasa nimtazame nani? Chukua."

Nikalipa palepale. Hata kuomba kupunguziwa nikasahau.

Ijumaa, 6 Juni, asubuhi
Imeletwa na guta la magurudumu matatu. Majura kaomba ruhusa kazini aje kuibeba, kama alivyoahidi. Kaiingiza ndani polepole kama anaingiza mke wa pili. Nimemwambia huyo tu ndiye namruhusu. Tumeifuta, tumeisugua kwa mafuta kidogo, ikawaka. Tumekunywa chai magoti yakigusana. Sijawahi kuwa na furaha hivi. Sijui watu wengine wanaishije.

Ijumaa, jioni
Dada Kabula kapiga simu. Nikamsimulia meza kuanzia majani hadi miguu. Akaniuliza:

"Na kesho Mama atakula wapi?"

"Hapo hapo, na sisi."

"Na mkwe wake? Watazamane wakitafuna? Minza, umeolewa juzi tu, akili imeshahama?"

Nikakaa chini. Nilikuwa nimesahau kabisa. Furaha imenisahaulisha. Kwa ukoo wetu mama hali chakula akitazamana na mume wa binti yake. Ndiyo heshima yenyewe. Alipokwenda kwa Kabula mara ya kwanza, walimkalisha mkabala na shemeji. Akasema ameshiba. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri. Akarudi Misungwi na njaa yake, na Kabula akikumbuka analia mpaka leo.

Nimelia na mimi. Majura ni Mjita wa kule Musoma, kwao wanakula wote pamoja, wakwe na wajukuu. Alicheka kwanza. Akaniona macho, akaacha.

"Basi mimi nitakula jikoni."

Sitaki. Mume wangu ale jikoni nyumbani kwake? Au Mama nimpelekee chakula chumbani kama mgonjwa? Nachukia majibu yote. Na meza naichukia, kidogo.

Jumamosi, 7 Juni
Mama kala. Naliandika hilo kwanza.

Alifika na kuku hai, viazi vitamu na kitenge kipya. Majura akamwamkia macho chini, "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba akiutazama mlango. Kisha akaizunguka meza. Akapitisha kiganja chini ya ubao, mahali ambapo hakuna anayepatazama.

"Aliyeichonga hii alikuwa na mtu anampenda," akasema. Nikageukia ukutani.

Nikapakua ugali, sato na mlenda. Majura akachukua sahani yake, akaelekea jikoni. Hapo Mama akaniambia mimi, na Majura yuko palepale anasikia:

"Minza, mwambie mume wako arudi. Mwenye nyumba hali na masufuria."

Majura naye akaniambia mimi: "Mwambie mama naogopa kumkosea heshima."

"Mwambie meza hii ni ya duara. Haina mbele. Kila mtu atazame kwake."

Mama akaivuta sofa ya mtu mmoja, akaigeuza ikaelekea televisheni. Nikataka kuiwasha. "Iache ilivyo. Sijatoka Misungwi kuja kutazama mpira." Majura akaweka kiti chake kikaelekea mlangoni. Mimi katikati, natazama mashavu yao. Meza moja, sahani tatu, hakuna wa kumwona mwenzake.

Mikono yao ikakutana kwenye bakuli la mlenda.

"Mwambie atangulie."

"Mwambie mama atangulie yeye."

"Mwambie mlenda unapoa."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Na Mama akaomba ugali tena. Akaomba mwenyewe, kwa mdomo wake.

Jumapili, 8 Juni
Tumemsindikiza Mama baada ya ibada. Nyumba kimya. Jua limeingia mpaka kwenye majani ya meza.

Majura kajitupa kwenye ile sofa aliyokalia Mama, bado imeelekea televisheni. Imezimwa. Kaikodolea macho. Kisha kaniita kwa sauti ndogo, nami nikakaa kwenye mkono wa sofa, kichwa changu kando ya chake.

Kwenye kile kioo cheusi cha televisheni meza yote inaonekana. Na nyuma yake, upande wa mlango, kiti cha Majura.

"Alikuwa ananitazama nikila."

"Tangu mwanzo."

"Na akaongeza ugali."

Sofa hatujairudisha mahali pake. Tumekaa tu.